Sahihi ya Mhandisi ni Dhamana

Ndugu wahandisi vijana,

Mimi si mhandisi. Kazi yangu ni kalamu. Lakini mwandishi akikosea, husahihishwa katika gazeti la kesho. Kosa la mhandisi hufunikwa kwa zege, likaja kugunduliwa siku daraja linapobeba basi la abiria. Ndiyo maana nimechagua kuzungumza juu ya sahihi zenu.

Tangu Kitivo cha Uhandisi cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilipofunguliwa mwaka 1973, Taifa limesomesha vijana kwa jasho la wakulima na wafanyakazi. Hata hivyo, shahada si ufundi. Mhitimu anayeona haya kumwuliza fundi aliyefunga nondo kwa miaka 20 amejifungia mlango wa chuo cha pili. Reli ya TAZARA, yenye urefu wa kilometa 1,860, iliyojengwa kati ya mwaka 1970 na 1975, haikupenya milima ya kati ya Mlimba na Makambako kwa michoro ya ofisini peke yake. Ilihitaji mchoraji na mchimbaji wasikilizane.

Jambo la pili ni uaminifu. Kazi inapochelewa, kijana huambiwa: "Ongeza maji, zege limwagike upesi." Litamwagika kweli, lakini maji yakizidi kipimo huacha vitundu ndani ya zege, na nguvu yake hupungua. Kwa macho huwezi kutambua. Vipande vya majaribio huvunjwa baada ya siku 7 na siku 28, na hapo ndipo ukweli hujulikana. Ndipo pia utakapoletewa karatasi uitie sahihi, na huenda anayeileta ndiye atakayeandika taarifa ya kukuthibitisha kazini.

Ushauri wangu ni huu: usigombane, wala usitie sahihi. Andika vipimo kama ulivyoviona, weka tarehe, mpelekee mkubwa wako kwa adabu, nawe ubaki na nakala. Sikufichi kwamba waweza kucheleweshwa cheo. Lakini cheo kilichocheleweshwa hupatikana baadaye. Roho ya abiria hairudi.

Nanyi viongozi wa kazi, hatuwezi kudai ukweli kwa vijana huku tukiwaadhibu wanaousema. Kijana akikuletea kipimo kibaya, mshukuru mbele ya wenzake. Cheo ni dhamana, na sahihi ni dhamana vilevile.