Lau Waturuki Wasingaliingia Vitani Mwaka 1914



Huenda baadhi yenu mkauliza: kuna faida gani kuzungumzia jambo ambalo halikutokea? Tena wapo watakaotukumbusha kwamba Mtume Mtukufu s.a.w. alituonya tusiseme "lau ningalifanya kadha wa kadha", kwani neno hilo hufungua mlango wa kazi ya shetani. Onyo hilo ni la haki. Lakini linamhusu yule anayenung'unikia kadari ya Mwenyezi Mungu baada ya msiba. Halimkatazi msafiri kuikumbuka njia panda aliyopotea, ili safari ijayo asipotee pale pale. Qur'ani Tukufu yenyewe inatuagiza tutembee katika ardhi na kutazama ulikuwaje mwisho wa waliotutangulia.

Vita Kuu ilipozuka Ulaya mwezi Agosti 1914, Dola ya Uthmaniya, iliyokuwa makao ya Ukhalifa, ilitangaza kwamba haitaegemea upande wowote. Hata hivyo, tarehe 2 Agosti mawaziri wachache walikuwa wamekwisha tia saini mkataba wa siri na Ujerumani, na wengi wa wenzao barazani hawakuwa na habari.

Tusiwahukumu upesi watu hao. Dola yao ilikuwa imepoteza Libya kwa Waitalia, na karibu ardhi yake yote ya Ulaya katika vita vya Balkani vya 1912 na 1913. Urusi, adui wa miaka mingi, ilikuwa mpakani. Mwezi Julai 1914 Cemal Pasha alikwenda Ufaransa kutafuta urafiki, akarudi mikono mitupu. Kisha Uingereza ikazitwaa manowari mbili zilizokuwa zikiundwa kwake kwa ajili ya Waturuki, ambazo wananchi wa kawaida walikuwa wamezichangia fedha. Siku chache baadaye manowari mbili za Kijerumani, Goeben na Breslau, zikaingia Dardanelles. Zikapewa majina ya Kituruki, na mabaharia wake Wajerumani wakavishwa tarbushi.

Pamoja na hayo yote, mlango wa amani ulikuwa bado wazi. Uingereza, Ufaransa na Urusi ziliahidi kuiheshimu mipaka ya dola iwapo ingekaa kando. Tena tarehe 9 Septemba dola ilitangaza kufuta haki za upendeleo walizokuwa nazo wageni wa Ulaya katika biashara na mahakama, jambo ambalo miaka mingi ya kusihi haikuwa imelileta. Hebu tuzingatie hapa: huko kukaa kando hakukuwa udhaifu. Kila upande ulikuwa ukimbembeleza Mturuki kwa sababu bado hakuwa wa mtu.

Mwezi Oktoba dhahabu ya Ujerumani ikawasili Istanbul. Tarehe 29 ya mwezi huo zile manowari, zikiongozwa na Admeri Souchon kwa idhini ya Enver Pasha, zikaishambulia Odessa, Sevastopol na bandari nyingine za Urusi bila vita kutangazwa. Baraza la mawaziri halikuulizwa. Cavid Bey, waziri wa fedha, alijiuzulu pamoja na wenzake kadhaa, lakini maji yalikuwa yamekwisha mwagika. Ndugu zetu, Sura Al-Anfal inafundisha kwamba hata mkiwahofia watu kuwa watawafanyia hiana, watupieni ahadi yao waziwazi kwanza. Lililotendeka Bahari Nyeusi lilikuwa kinyume cha mafundisho hayo.

Ndipo, baada ya uamuzi kupita, dini ikaitwa kuja kuupamba. Tarehe 14 Novemba ilitangazwa jihadi mjini Istanbul. Lakini ilikuwa jihadi ya namna gani, ambayo washirika wake walikuwa Kaizari wa Ujerumani na Mfalme wa Austria? Waislamu wengi wa India na wa Afrika Kaskazini waliendelea kupigana chini ya bendera za Uingereza na Ufaransa. Mwaka 1916 Sharifu wa Makka mwenyewe aliasi.

Nasi wa Afrika Mashariki tulilionja jambo hilo. Wiki ile ile Waturuki walipoingia vitani, askari kutoka India, wakiwemo Waislamu, waliteremshwa Tanga, wakapigwa na askari wa Mjerumani, ambao nao wengi wao walikuwa Waislamu. Baadaye Wajerumani wakaueneza mwito wa jihadi katika koloni lao, ilhali ng'ambo ya pili Sultani wa Zanzibar alikuwa pamoja na Waingereza. Muislamu wa huku akaambiwa kwamba dini inamtaka ampige Muislamu wa kule.

Sasa turudi kwenye "lau" yetu. Lau dola ingaliendelea kukaa kando, kusingalikuwa na vita vya Gallipoli, wala maelfu ya askari wasingaliganda kwa baridi huko Sarikamish. Waarmenia wasingalihamishwa na kuuawa kwa wingi mwaka 1915 chini ya kivuli cha vita. Mapatano ya siri ya Sykes na Picot ya 1916 yasingalipata ardhi ya kugawa, na Waziri Balfour asingalikuwa na njia ya kuahidi Palestina mwaka 1917. Urusi nayo ingaliuza nafaka yake na kupokea silaha kupitia Dardanelles, na pengine misukosuko yake ya 1917 ingalichukua sura nyingine.

Lakini tuseme kwa insafu. Vita vya hapa kwetu vingalipiganwa hata hivyo, kwani Mwingereza na Mjerumani walikuwa wamekwisha anza. Kariakoo ya Dar es Salaam ingalipata jina lake lile lile kutokana na wapagazi wa jeshi la Waingereza, ambao maelfu kwa maelfu walikufa kwa njaa na maradhi. Wala hatusemi kwamba dola ingalidumu milele, kwani ahadi za wakubwa ni nyepesi. Tunachosema ni kwamba ingalipata muda, na muda ndiyo mali ya mnyonge.

Je, hayo ni ndoto tu? La. Waturuki wenyewe walijaribiwa mara ya pili. Mwaka 1939 Ismet İnönü, aliyekuwa afisa wa jeshi katika vita vya kwanza, alikuwa Rais wa Jamhuri. Alifanya mkataba na Uingereza na Ufaransa, na mwaka 1941 akafanya mwingine na Ujerumani. Churchill alimfuata mwenyewe hadi Adana mwezi Januari 1943 akitaka aingie vitani. Hakuingia. Alivunja uhusiano na Ujerumani mwezi Agosti 1944, akatangaza vita Februari 1945 wakati Ujerumani ilikuwa karibu kushindwa. Wapo waliomlaumu, na mkate ulikuwa wa mgao. Lakini miji yake haikuteketezwa, wala kizazi cha vijana wake hakikuangamia.

Basi, ndugu wapenzi, tofauti ya 1914 na 1939 tuiweke moyoni. Mara ya kwanza watu wachache waliamua gizani, kwa hasira na kwa dhahabu ya wengine, kisha wakaiita dini iwe shahidi. Mara ya pili kiongozi aliyeyaona makaburi alivumilia kuitwa mwoga. Nasi tutakapoitwa kwenye ugomvi wowote kwa jina la Uislamu, tuulize kwanza: nani ameamua, lini, na kwa faida ya nani? Anayekuja na fatwa baada ya risasi ya kwanza hastahili damu ya watoto wetu.

Mwenyezi Mungu atujaalie subira na maono. Amin.