Kompyuta Mpya Ikikataa Kuwaka, Uchunguzi Uanzie Ukutani

Mazungumzo haya yanahusu kompyuta iliyounganishwa kwa vipuri vipya, kitufe kikabonyezwa, na hakuna kilichotokea. Hakuna taa, hakuna feni, hakuna sauti.

Jambo hili huonekana dogo kwa asiye na duka la saiba. Kwa kijana aliyekusanya vipuri kidogo kidogo, kasha kutoka Nairobi, mazabodi kutoka ng'ambo ya mpaka, RAM kwa muuzaji wa vitu vilivyotumika, hiyo ni akiba ya miezi mingi iliyokaa kimya mezani. Mwezi wa Juni huwa mgumu zaidi, kwa kuwa tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani za KRA na wateja wamejaa mlangoni. Hapo ndipo fundi mpita njia huitazama mashine kwa dakika mbili na kusema, "Mazabodi imekufa, nunua nyingine." Mara nyingi haijafa. Mashine iliyounganishwa leo na ambayo haijawahi kuwaka huwa, mara nyingi, na kitu kilichosahaulika au kilichochomekwa nusu, na kukirekebisha hakugharimu hata shilingi.

Njia nzuri ya kukitafuta ni kuifuata stima yenyewe inakopita: ukutani, kwenye kebo, kwenye pawasaplai, kwenye mazabodi, na mwisho kwenye kitufe.

Soketi ijaribiwe kwa chaja ya simu. Kama ni ekstensheni, nayo ijaribiwe, maana nyingi zinazouzwa kando ya barabara hulegea ndani. Plagi ya miguu mitatu bapa inayotumika Kenya, na pia Uganda, ina fyuzi ndogo ndani yake. Ikiungua, soketi ni nzima lakini mashine haipati kitu. Ujanja rahisi ni kuchukua kebo ya skrini inayofanya kazi na kuichomeka kwenye kompyuta, kwani mara nyingi ni za aina moja. Kisha nyuma ya kasha, pembeni mwa mahali kebo inapoingia, kuna swichi yenye mstari na duara. Mstari ni kuwasha, duara ni kuzima. Mafundi wazoefu wenyewe huisahau, na wengi hawapendi kukiri.

Papo hapo nyuma, pawasaplai nyingine, hasa za zamani, zina kiswichi kidogo, mara nyingi chekundu, kilichoandikwa 115 na 230. Hiki ndicho cha kutazama kabla ya kuchomeka chochote. Stima ya Kenya na Uganda ni volti 240, ya Marekani ni volti 120. Pawasaplai iliyotoka kule ikiwa imewekwa 115, ikachomekwa Malaba, hulipuka kwa kishindo na moshi, na inaweza kuondoka na mazabodi. Kiswichi lazima kiwe kwenye 230. Pawasaplai isiyo na kiswichi hicho isomwe kibandiko chake: kikisema 100 hadi 240, inajirekebisha yenyewe.

Pawasaplai yenyewe isifunguliwe na mwenye duka, hata ikiwa imechomolewa. Ndani yake mna vihifadhi vya stima vinavyoweza kubaki na chaji ya kuumiza mtu baada ya kebo kutolewa. Njia salama ya kuipima ni kuazima nyingine inayofanya kazi na kuiweka mahali pake.

Kazi kubwa iko kwenye mazabodi, na hapo kebo ichomolewe ukutani kwanza kabla ya mkono kuingia. Mazabodi hulishwa mahali pawili. Kuna plagi pana ya matundu 24, na kuna nyingine ndogo ya matundu 4 au 8 karibu na prosesa. Hiyo ndogo ndiyo inayosahaulika sana, kwa kuwa imejificha kwenye kona. Bila hiyo, feni huweza kuzunguka kidogo kisha kila kitu kikazima, au zikazunguka tu pasipo picha. Zote mbili zisukumwe mpaka klipu ishike. Plagi inaweza kuonekana imeingia kumbe imesimama nusu.

Baada ya hapo ni waya nyembamba za kitufe cha mbele. Huchomekwa kwenye vijipini viwili tu kati ya vingi vilivyosongamana, na mchoro wake umo katika kitabu cha mazabodi. Kujua kama kitufe ndicho chenye kosa, waya hizo huchomolewa, mashine ikarudishiwa stima, kisha vijipini hivyo viwili viguswe pamoja kwa ncha ya bisibisi kwa nusu sekunde. Stima ya pale ni ndogo mno, haimdhuru mtu. Mashine ikiwaka, mazabodi ni nzima, na tatizo lilikuwa kitufe cha shilingi chache.

Ikiwa bado kimya, au inawaka na kuzima papo hapo, pengine mazabodi inagusa chuma cha kasha. Inapaswa kukaa juu ya viguzo vidogo vya shaba, kila kimoja chini ya tundu la skrubu. Kiguzo kimoja kilichobaki mahali pasipo na tundu kinatosha kuzuia kila kitu. Hapo mazabodi itolewe nje, iwekwe juu ya boksi lake la katoni, ibaki na prosesa, feni yake na kijiti kimoja cha RAM. Ikiwaka pale, kosa liko kwenye kasha. Isipowaka, vijiti vya RAM vijaribiwe kimoja kimoja.

Feni zikizunguka na skrini ikabaki nyeusi, hilo ni tatizo jingine na mara nyingi jepesi: RAM haijasukumwa hadi mwisho, au kebo ya skrini imechomekwa kwenye mazabodi ilhali mashine ina kadi ya picha. Prosesa za Intel ambazo jina lake linaishia na F hazitoi picha kabisa bila kadi hiyo.

Iwapo kipuri kimethibitika kuwa kibovu, kirudishwe kwa muuzaji. Aliyenunua ng'ambo anahitaji risiti, si kwa muuzaji tu bali pia kwa forodha anapovuka nacho tena. Utaratibu rahisi wa wafanyabiashara wadogo, ule wa mzigo usiozidi dola 2,000, ni wa bidhaa zilizotokana na nchi za Jumuiya, kwa hiyo mazabodi iliyotengenezwa Asia haimo. Boksi, na kifuniko cha plastiki kilichokuja juu ya soketi ya prosesa, visitupwe. Wauzaji wengi hukataa mazabodi iliyopinda vijipini, na picha ya soketi iliyopigwa kwa simu siku ya kununua, mbele ya kaunta, humaliza ubishi huo mapema.