Mto ukichafuka juu, watu wa chini watakunywa nini?

Maneno yaliyosemwa mbele ya vijana wa Kama, Siku ya Maji Duniani



Leo ni tarehe 22 Machi, Siku ya Maji Duniani. Kwingine watu wanafanya semina ndani ya hoteli. Sisi tumekaa hapa chini ya mti, juu maji ndiyo shida yetu ya kila asubuhi.

Tuanze na hesabu. Mto Kongo ni wa pili duniani kwa wingi wa maji, nyuma ya Amazon tu. Mwaka 2011, shirika la Umoja wa Mataifa la mazingira lilisema kwamba zaidi ya nusu ya akiba ya maji ya Afrika iko kwetu. Likasema pia kwamba watu milioni 51, ndiyo robo tatu ya Wakongomani wa wakati ule, hawakuwa na maji safi ya kunywa. Goma iko kando ya ziwa Kivu, na mama wanazunguka na bidoni. Kindu iko kando ya Lualaba, na bado kuna mitaa inayoishi na kisima.

Basi maji kwetu si machache. Shida yetu ni yule anayeyachafua, na yule anayeona na kunyamaza.

Muangalie Elila. Inatoka milima ya Itombwe, Kivu ya Kusini, inashuka hadi Maniema, inaingia Lualaba. Na Lualaba ndiyo Mto Kongo wenyewe. Kwa hiyo kitu kikitupwa ndani ya kijito cha hapa, hakibaki hapa, kinateremka kwa watu wengine. Na sisi pia tuko tunakunywa ya wale wa juu.

Wazazi wetu walitafuta zahabu kwa karai na beshi. Leo ni mashini. Dragi zinanyonya mchanga chini ya mto, eskavateri zinageuza ukingo. Maji yanakuwa udongo, mwangaza hauingii, mayai ya samaki yanafunikwa na tope. Mto unaacha njia yake. Mashimo yanayobaki yanajaa maji yaliyolala, na mbu wanazaana humo.

Halafu kuna merkiri, ile wengine wanaita zebaki. Inashika zahabu, kisha inachomwa. Moshi wake unaingia kifuani mwa yule anayechoma, na ile inayobaki inaenda mtoni. Ndani ya tope inageuka sumu kali zaidi. Samaki mdogo anaila, samaki mkubwa anakula mdogo, na sisi tunakula mkubwa. Sumu hii haina harufu. Kuchemsha maji hakuiondoi. Kule Minamata, Japani, mwaka 1956, ndipo waganga walianza kutambua ugonjwa wa watu waliokula samaki wa ghuba ambamo kiwanda kilikuwa kinamwaga merkiri. Walitetemeka, walipoteza macho na masikio, na watoto waliumia wakiwa bado tumboni. Leo, duniani kote, hakuna kazi inayotoa merkiri nyingi angani kuliko uchimbaji mdogo wa zahabu. Ndiyo maana tunaisema hapa Kama.

Kuna pia mambo ya mvua. Sehemu kubwa ya mvua ya bonde la Kongo inazaliwa na msitu wenyewe: miti inavuta maji chini, inayapumua juu, nayo yanarudi. Tukikata kwa makala, kwa shamba na kwa mgodi, tunakata mvua yetu. Na dunia imepata joto. Hewa ya joto inabeba maji mengi, ikiyaachilia inaachilia kwa mara moja. Mwezi wa Mei 2023, kule Kalehe, mafuriko yaliua watu zaidi ya 400, Bushushu na Nyamukubi. Mwezi wa Januari 2024, Mto Kongo ulipanda kiasi ambacho hakikuonekana tangu 1961. Moshi wa viwanda vya dunia si wetu. Lakini mlima ulio uchi juu ya nyumba zetu, huo tunaweza kuupanda miti sisi wenyewe.

Sasa tuseme neno gumu. Wale walio ndani ya mashimo ni wandugu zetu. Sisi tuliosoma tuko na lisansi ndani ya saki, na kazi haiko. Wengi wetu tumeshika karai. Mtu akituambia tu «acheni kuchimba», tunamuuliza: watoto watakula nini? Hatukuja kumufukuza mchimbaji. Mwenye karai na mwenye eskavateri hawafanani, na serikali inayomukamata wa kwanza na kumusalimia wa pili haitetei mto.

Lakini mchimbaji naye asikie: ukichoma merkiri jikoni, wa kwanza kuumia ni mtoto wako. Choma mbali na nyumba, ndani ya chombo kilichofungwa kinachorudisha ule moshi. Na usioshe zahabu juu ya chemchem ambayo watu wanachota.

Kwa wakubwa tunaomba kile ambacho sheria imekwisha kutupa. Katiba, kifungu cha 48, inatuhakikishia maji ya kunywa. Kifungu cha 53 kinatupa haki ya mazingira safi. Sheria ya madini ya 2018 inasema kwamba katika ile malipo ambayo kampuni inatoa juu ya madini, asilimia 15 ni ya sekta ao komine mahali madini inatoka. Basi tunauliza:

Moja: ni feza ngapi zimeingia, na zimefanya nini? Ziandikwe kwenye ukuta wa biro, kila mtu asome. Kujenga chemchem moja ni simenti, mawe na tiyo.

Mbili: maji na samaki wetu wapimwe merkiri, na majibu yasomwe mbele ya watu wote.

Tatu: mashini isiingie mtoni kabla wananchi hawajaonyeshwa uchunguzi wa mazingira ambao sheria inadai.

Ine: wachimbaji wadogo wapewe mahali pao pa halali, mbali na chemchem.

Tutauliza bila jiwe na bila fimbo, lakini tutarudi kila wiki. Na hatutangoja majibu mikono mitupu. Tutakuwa na daftari moja: kila chemchem, kila kijito, tarehe, rangi ya maji, picha ya simu. Siku mkubwa atasema «hakuna shida», tutafungua daftari.

Jumamosi hii tunafanya salongo kwenye chemchem. Saa moja ya asubuhi. Kila mtu na jembe lake, na asiye na jembe alete mikono.

Mayi ni uzima.