Gari la Marehemu Kaka Yetu
Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa ukoo, Jeddah

Mheshimiwa Mwenyekiti, wazee wangu, ndugu zangu, wana wetu na wajukuu,



Awali ya yote sina budi kuishukuru Kamati kwa kunipa fursa hii, na kuwashukuru nyote mliosafiri kutoka Mombasa, Muscat, Leicester na Toronto kuja kukutana nasi. Nimeombwa nieleze habari za gari la marehemu kaka yangu mkubwa, ambalo kwa miaka mitatu nimekuwa nikilitengeneza pamoja na vijana wetu. Najua wamo humu wanaosubiri neno moja tu: liuzwe au lisiuzwe. Neno hilo si langu. Marehemu ameacha mjane, wana wa kiume na wa kike, na kwa sheria ya mirathi mimi ndugu yake sina fungu. Nasimama hapa kama fundi, niwape warithi hesabu ya kazi waliyonikabidhi, ili watakapoamua wajue wanaamua juu ya kitu gani.

Gari lenyewe ni Datsun 240Z. Kampuni ya Nissan iliitoa aina hii mwaka 1969 na ikaendelea kuiunda hadi 1973. Ni gari la viti viwili na boneti ndefu, lenye injini ya silinda sita zilizopangwa mstari mmoja, ujazo wake sentimita za ujazo 2,393, na kabureta mbili. Sisi tuliokulia Mombasa hatukulijua kwa matangazo ya biashara. Tulilijua kwa Safari Rally. Mwaka 1971 Edgar Herrmann alishinda nalo. Mwaka 1973, mashindano yetu yalipoingizwa katika ubingwa wa dunia, Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa gari la aina hiyo hiyo, ingawa pointi zake za adhabu zililingana na za Harry Källström aliyekuwa katika Datsun nyingine. Tulikuwa watoto wa shule, masikio yetu yote redioni. Kaka aliapa kwamba siku moja atakuwa na lake, na alipokuja kufanya kazi Riyadh akalinunua, la mtumba, usukani upande wa kushoto.

Alipofariki mwaka 2011, gari lilibaki uani kwake chini ya turubai, na likakaa hapo miaka mingi. Mimi nilifika nchi hii nikiwa mtu mzima, baada ya utumishi wa serikali kule Mombasa, na ufundi sikuusomea. Nilichokuwa nacho ni wakati, na mazoea ya ofisini ya kuandika kila jambo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari; basi tulianza kwa kununua daftari kabla ya kununua spana.

Jambo la kwanza tuliloandika ni hali ya bodi. Magari haya yanajulikana kwa kuliwa na kutu sakafuni, katika mihimili ya chini na kwenye vizingiti vya milango. Hili lilinusurika, na sababu yake ni Riyadh yenyewe. Mji ule uko mbali na bahari, hewa yake ni kavu, na joto la kiangazi hupita nyuzi 45. Huko chuma hudumu. Kinachokufa ni mpira. Dashibodi ilikuwa imepasuka kama udongo wa ziwa lililokauka. Mipira ya milango ilivunjika vidoleni kama biskuti, na mipira ya maji na ya breki ilikuwa migumu kama mbao. Kutu ya maana tuliikuta mahali pamoja, chini ya betri, palipodondokewa na asidi. Jeddah ni kinyume chake: unyevu na chumvi ya Bahari ya Shamu hula chuma usiku na mchana. Kwa hiyo tuliamua bodi yote ikamilike Riyadh, ipigwe rangi ya kuzuia kutu hadi mashimoni, ndipo gari lishuke huku.

Kazi ilikwenda kwa utaratibu. Injini iliyolala miaka mingi haiwashwi kwa pupa. Tulitoa plagi zote, tukatia oili kidogo katika kila silinda, tukaacha siku kadhaa, kisha tukaizungusha kwa mkono kwa spana. Ilipozunguka bila kukwama, vijana walipiga makofi. Petroli ya zamani ilikuwa imeganda tangini kama gundi. Tangi likashushwa na kusafishwa. Breki zilifunguliwa zote, za disiki mbele na za ngoma nyuma. Nafasi za valvu tulizipima injini ikiwa na moto, milimita 0.25 kwa zile za kuingiza na 0.30 kwa zile za kutoa. Radieta iliangaliwa kuliko kitu kingine, kwa kuwa kichwa cha injini hii ni cha aluminiamu juu ya kitalu cha chuma, na kikipata joto la kupita kiasi hupinda. Hata kabureta zililindwa kwa bamba la kuzuia joto, maana katika kiangazi cha huku petroli huchemka ndani yake mara injini izimwapo, na gari hukataa kuwaka tena. Vipuri vingine tulivitafuta kwa mafundi wa Sinaiya na katika majalala ya magari mabovu. Mipira iliagizwa kutoka ng'ambo. Kuchomelea tu ndiko tulikolipia fundi.

Sasa niseme jambo ambalo halimo katika bei ya gari.

Vijana hawa wamezaliwa huku. Kiarabu ndicho lugha yao ya shule na ya mtaa. Kiswahili walikisikia kwa bibi zao na wakajibu kwa Kiarabu. Darasa tulilowafungulia Ijumaa jioni lilikufa kwa kukosa wanafunzi. Pale uani niliweka sharti moja: chombo huombwa kwa Kiswahili, ama hakitolewi. Atakaye bisibisi, tupa, msasa au spana namba kumi na mbili, aseme. Wiki ya kwanza walinyoosha vidole. Mwezi wa pili nikawasikia wakigombana, "Nipe mimi, wewe umekaza jana!" na wala hawakujua kwamba wanagombana kwa Kiswahili.

Siku moja mmoja wao alisikia neno msumari, akacheka, akasema hili ni *mismar* la Kiarabu. Nikamwambia usukani nao ni wa Kiarabu, na kabla ya kuwa wa gari ulikuwa wa jahazi. Neno gari limetoka Bara Hindi, na parafujo tumeachiwa na Wareno. Akaniuliza, "Babu, sasa chetu ni kipi?" Nikamwonyesha chini ya betri: "Kutu, na nyundo ya kuiondolea."

Daftari liliandikwa na mjukuu wa kike wa marehemu, kwa Kiswahili, mwanzo hadi mwisho. Kurasa za awali nilizisahihisha kwa kalamu nyekundu. Za mwisho hazina wekundu.

Kutoka Riyadh hadi Jeddah ni kilometa zipatazo 950. Tulipofika Taif nilimpa usukani binti mdogo wa marehemu. Wanawake waliruhusiwa kuendesha magari nchini humu mwezi Juni 2018; baba yake hakuiona siku hiyo. Ndiye aliyetuteremsha mlima wa Al Hada, kona baada ya kona, akitumia gia kuliko breki, kama tulivyomfundisha.

Warithi wapendwa, yuko mtu hapa Jeddah aliyetoa bei nzuri, na wapo kati yenu wenye karo za watoto za kulipa. Kuuza si kumdharau marehemu. Kutouza nako kuna gharama: bima, ukaguzi wa kila mwaka, banda lililo mbali na upepo wa bahari, na mtu wa kuliwasha kila wiki. Asiyekuwa tayari kuubeba mzigo huo asiseme libaki, kwa sababu turubai la pili litalimaliza.

Mimi naomba mambo mawili tu, vyovyote mtakavyoamua. Daftari lisiende pamoja na gari. Linakiliwe, na kila nyumba ya ukoo huu ipate nakala. Na vijana walioshika spana waulizwe maoni yao kabla ya uamuzi, nao wajibu kwa Kiswahili. Mtawafahamu vizuri.