Moto Juu ya Rwenzori na Amri ya Kufunga Njia

Mwezi Februari mwaka 2012 moto uliwaka katika Milima ya Rwenzori, magharibi mwa Uganda, ukateketeza vichaka na nyasi katika mwinuko unaozidi mita 4,000 juu ya usawa wa bahari. Asiyeujua mlima huo atajiuliza imewezekanaje, kwa maana huko ni nchi ya ukungu, matope na theluji, ambako hata askari aliyezoea doria hupata taabu kukoka moto wa kuchemshia chai. Mwaka 2024 wataalamu wakiongozwa na Chuo Kikuu cha Brown cha Marekani walitoa matokeo ya uchunguzi wa tope lililochimbwa chini ya maziwa ya mlima huo. Tope la ziwa huhifadhi chembe za mkaa za kila moto uliopita, tabaka juu ya tabaka. Katika maziwa ya juu hawakukuta dalili ya moto kama ule kwa muda wa miaka isiyopungua 12,000.

Habari hiyo inawahusu wanajeshi na polisi kwa namna ya pekee. Mlima unapokabiliwa na hatari ya moto, mojawapo ya amri za mwanzo ni kufunga njia, na anayesimama njiani kuitekeleza ni askari.

Rwenzori ni kisiwa, ijapokuwa hakuna bahari inayouzunguka. Pande zote chini yake ni nchi tambarare yenye joto, na mimea ya kilele chake haiwezi kuishi huko. Vichaka vya erika vilivyo juu ya msitu vina mafuta ndani ya majani, na vikikosa mvua kwa majuma machache hushika moto hata vikiwa vibichi. Chini yake kuna udongo wa mboji, mabaki ya mimea yaliyorundikana kwa karne nyingi. Moto ukiingia humo huenda chini kwa chini bila ndimi kuonekana, kisha huibuka mahali pengine siku kadhaa baadaye, wakati wazimaji wamekwisha kurudi nyumbani wakiamini kazi imekwisha. Gari la zimamoto haliwezi kufika. Helikopta nayo hupungukiwa nguvu, kwani katika mita 4,000 uzito wa hewa umepungua kwa takriban theluthi moja. Kinachobaki ni watu wenye majembe na mapanga, nao hupanda kwa miguu siku mbili au tatu kabla ya kuuona moto wenyewe.

Wako wanaosema kwamba nyasi za mlimani zikiungua hapana hasara, zitaota tena. Hao hawajafikiri juu ya maji. Mtaalamu Andreas Hemp, aliyechunguza Mlima Kilimanjaro kwa miaka mingi, aliandika mwaka 2005 kwamba tangu mwaka 1976 moto ulikuwa umeondoa karibu kilometa za mraba 150 za msitu wa juu wa mlima ule. Miti hiyo hunasa ukungu na kuudondosha ardhini kama maji. Kwa hesabu yake, maji yaliyopotea kwa sababu ya moto yalizidi sana yale yaliyopotea kwa kuyeyuka kwa barafu, ingawa ni barafu inayopigwa picha na kuliliwa na dunia nzima.

Katika wilaya ya Kasese jambo hili si la vitabuni. Tarehe 1 Mei 2013, mwaka mmoja na ushei baada ya moto ule, Mto Nyamwamba ulifurika ukashuka na mawe makubwa, ukabomoa nyumba na sehemu ya hospitali ya Kilembe. Mvua ilikuwa kubwa na maporomoko ya ardhi yalikuwepo. Lakini wachunguzi waliofuatilia mafuriko hayo walitaja pia kwamba sehemu ya bonde la juu ilikuwa imeungua na haikuwa na kitu cha kuzuia maji. Mwaka 2020 mto huo ulifurika tena, na Kilembe ikapata maafa kwa mara nyingine.

Basi haja ya kufunga njia wakati wa ukame ni ya kweli. Swali ni jinsi ya kuzifunga. Wakazi wa Rwenzori wanaijua amri hiyo tangu zamani, tena kwa sababu nyingine. Baada ya waasi wa ADF kushambulia Mpondwe mwezi Novemba 1996, hifadhi ya taifa ilifungwa kuanzia mwaka 1997 hadi 2001, na watu wengi wakahama matuta yao. Amri ile ilikuwa ya vita. Katika vita, mtu aonekanaye msituni baada ya njia kufungwa hushukiwa, na askari ana sababu ya kumshuku.

Lakini amri ya moto ni ya aina nyingine, na hatari iko katika kuitekeleza kwa desturi za ile ya kwanza. Mkonzo anayerudishwa kizuizini akiwa na panga na kamba huenda amefuata mianzi, dawa au mizinga yake ya nyuki, vitu ambavyo baadhi ya vijiji vimeruhusiwa kuvichuma kwa mapatano na Mamlaka ya Wanyamapori ya Uganda. Huenda anakwenda kwenye matambiko ya Kithasamba, ambaye kwa imani ya wazee makao yake ni penye theluji. Mtu huyo huyo ndiye ajuaye njia iliyofunikwa na majani, kijito kisichokauka, na saa ambayo upepo wa bondeni hugeuka. Moto ukizuka, ndiye atakayeitwa abebe jembe. Akiwa ametukanwa na kupigwa kitako cha bunduki mwezi uliopita, hataitika; na pengine moshi wa kwanza atauona yeye, akanyamaza.

Kila tuta la Rwenzori lina mzee wake anayelisimamia. Kamanda anayetaka kufunga njia angefanya vema kumwambia mzee huyo kabla ya kuweka kizuizi: njia ipi, kwa muda gani, na nani apewe kibali cha kupita. Amri isiyo na tarehe ya mwisho huzaa rushwa, na kila askari aliyewahi kusimama kizuizini anajua hivyo.

Amri hiyo imfunge pia askari mwenyewe. Tarehe 11 Oktoba 2020 moto uliwaka Kilimanjaro karibu na kituo cha mapumziko cha Whona, kati ya Mandara na Horombo. Taarifa ya awali ya Hifadhi za Taifa Tanzania ilisema ulianza kwa ajali, wapagazi walipokuwa wakipasha moto chakula cha wageni. Ziliungua kilometa za mraba zipatazo 95, na wanavijiji na wanafunzi wakapanda kwa mamia kusaidia kuuzima. Hawakuwa majangili wala waasi walioanzisha moto ule. Walikuwa watu wenye kibali, wakifanya kazi yao. Askari wa doria naye ana kibali, ana jiko na ana sigara, na hakuna wa kumsimamisha.

Mpaka nao una jambo lake. Kilele cha Margherita, chenye mita 5,109, kiko kati ya Uganda na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na moto hauombi ruhusa ya kuvuka. Tangu Novemba 2021 majeshi ya nchi hizo mbili yamekuwa yakipeana habari katika operesheni dhidi ya ADF. Njia hizo za mawasiliano zaweza kupeleka habari ya moshi siku ile ile unapoonekana.