Jina la Timu ni Mali ya Nani? Mhadhara kuhusu Mashabiki na Majina Yenye Utata



Mwaka 1980 serikali ya Rais Daniel arap Moi iliamua kuvunja vyama vya kikabila nchini Kenya. Agizo halikuishia kwenye ofisi za vyama. Liliingia hadi uwanjani. Timu zenye majina ya makabila zikatakiwa zijitafutie mengine. Abaluhya FC, mabingwa wa klabu za Afrika Mashariki na Kati mwaka 1979, wakawa AFC Leopards. Luo Union, waliotwaa kombe hilohilo mwaka 1976 na 1977, wakawa Re-Union. Gor Mahia, iliyobeba jina la mganga mashuhuri wa Wajaluo, ikavishwa Gulf Olympic Rangers. Ghuba gani, na Olimpiki ipi, sijapata mtu wa kunieleza.

Ila tazameni herufi. Kwa karani wa usajili, AFC ni All Footballers Confederation. Kwa shabiki ni Abaluhya Football Club, na hakuna askari anayeweza kumkamata mtu kwa kutamka herufi tatu. Gulf Olympic Rangers nayo ikifupishwa, Gor huyo hapo. Huu ni utii wa makaratasi, na mimi naushangilia. Jukwaani mashabiki wa Gor Mahia waliendelea na jina lao la utani, K'Ogalo, na upande wa Leopards ngoma za isukuti za Waluhya zikamlaki chui mgeni na kumwita Ingwe, kana kwamba alizaliwa Kakamega. Mwaka 1987, Kombe la Washindi Afrika lilipochukuliwa mbele ya Espérance ya Tunis, waliolichukua walikuwa Gor Mahia. Rangers walikuwa wameyeyuka zamani.

Je, agizo lilipunguza ukabila? Sioni ushahidi. Mechi ya Gor Mahia na AFC Leopards leo inaitwa ya Mashemeji, na kila mtu anajua shemeji yupi anatoka wapi. Na utani huo, kwa maoni yangu, umewapatanisha watu kuliko agizo lilivyowahi kufanya.

Sasa wapo watakaosema: kumbe shabiki aachwe na jina lake popote alipo. Hapo ndipo ninapoachana nao, na mfano wangu ni Washington.

Tangu 1933, ikiwa bado Boston, timu ya Washington ya futiboli ya Kimarekani iliitwa Redskins, jina linalowataja wenyeji asilia wa Amerika kwa rangi ya ngozi. (Nasi tusijitoe: vitabu vyetu vya shule viliwaita Wahindi Wekundu, wala hatukuwauliza.) Suzan Harjo, mwanaharakati wa wenyeji hao, na wenzake walifungua shauri dhidi ya jina hilo mwaka 1992. Mwaka 2013 mmiliki, Dan Snyder, aliapa kwamba halitabadilishwa kamwe. Kamwe hiyo ilidumu miaka saba. Mwaka 2020, kifo cha George Floyd, Mmarekani mweusi, mikononi mwa polisi kilipoamsha hasira dhidi ya ubaguzi wa rangi, kampuni ya FedEx, ambao jina lao lilikuwa kwenye uwanja, waliikaba klabu, na Julai jina likashuka. Kwa misimu miwili timu ikaitwa Washington Football Team tu, kisha Februari 2022 ikawa Commanders.

Mashabiki wengi walikasirika, na sitaki kuwadhihaki. Mtu aliyerithi jezi kwa baba yake haambiwi jioni moja kwamba ni aibu kisha akacheka. Lakini hoja yao kuu ilikuwa kwamba jina linawaheshimu wenyeji asilia. Walishika kura ya maoni ya gazeti la Washington Post ya 2016, ambapo wenyeji tisa kati ya kumi waliohojiwa walisema haliwasumbui. Utafiti wa mwaka 2020 ukakuta karibu nusu wanaudhika. Mimi nadhani kuhesabu vichwa hakutatui neno hapa. Waluhya walijiita Abaluhya wenyewe. Jina lilikuwa lao, kulificha ndani ya herufi ilikuwa haki yao. Jina la Washington lilikuwa la watu wengine, klabu ikalichukua na kuliuza kwenye kofia. Shabiki anaweza kulilia, ila hawezi kumwambia mwenye ngozi kwamba ameheshimiwa.

Kosa la klabu lilikuwa jingine: Commanders lilishuka kutoka ofisini, na wengi hawakuona linawahusu nini. Kilichonusurika ni rangi, maruni na dhahabu. Huko ndiko mashabiki walikojishikiza, hasa msimu wa 2024, mchezaji wao Jayden Daniels alipowafikisha mchezo mmoja tu kabla ya fainali, Super Bowl. Wapo ambao hawatamki jina la zamani wala jipya. Wanasema Washington, basi. Naona hao wamejipatia jina ambalo hakuna ofisi iliyowapa, na halimdhuru mtu.