Dhamana ni Haki, na Mdhamini ni Mbeba Amana



Leo tunapenda kuzungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu hulijua kwa jina tu mpaka siku linapotufika mlangoni, nalo ni dhamana. Tumechagua kulitazama kwa kuiweka mbele yetu kata ya Endulen, iliyomo ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro. Huko habari za kukamatwa si ngeni. Mwezi Agosti 2023, baada ya waandishi wa habari kushambuliwa hapo Endulen, polisi waliwakamata watu wengi, na hata mbunge wa jimbo alishikiliwa. Wakati kama huo kila jamaa huuliza swali moja: ndugu yetu atatokaje?

Kwanza yatupasa tuelewe msingi wake. Katiba ya Jamhuri ya Muungano ya 1977, katika ibara ya 13, inakataza mshitakiwa kutendewa kama mkosaji kabla hatia yake haijathibitishwa. Mwaka 1991, katika shauri la Daudi Pete, Mahakama ya Rufani ilibatilisha kifungu kilichowanyima dhamana baadhi ya washitakiwa, kwa kuwa kilipingana na Katiba. Basi dhamana si fadhila ya askari wala ya hakimu, na wala si faini. Ni ahadi ya kwamba mtu huyu atarudi siku atakayoitwa.

Ahadi hiyo hutolewa katika ngazi mbili. Ya kwanza ni kituo cha polisi. Aliyekamatwa bila hati kwa kosa lisilo na adhabu ya kifo, ikiwa haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo yampasa kumwachia kwa dhamana, isipokuwa kosa likionekana kuwa zito. Dhamana hiyo haina ada. Anayedai fedha ili kuitoa anadai rushwa, na anayempa anashiriki dhambi ile ile.

Ngazi ya pili ni mahakama. Hapo hakimu hutaja masharti: idadi ya wadhamini, kiasi cha fedha kitakachoandikwa katika hati ya dhamana, na pengine kukabidhi pasi ya kusafiria au kutotoka nje ya mkoa. Wengi husikia "bondi ya shilingi milioni 5" wakakimbilia kuuza ng'ombe. Ndugu zetu, tusifanye haraka! Kwa kawaida fedha hiyo husainiwa tu, hailipwi, mpaka mshitakiwa atakapotoroka. Ni pale tu kesi inapohusu mali nyingi kupita kiwango kilichowekwa na sheria ndipo nusu ya thamani yake hutakiwa iwekwe taslimu au kwa mali. Na masharti yakiwa mazito kupita kiasi, mshitakiwa aweza kuiomba Mahakama Kuu iyapunguze.

Sasa tutazame uzito wa Endulen. Makao makuu ya wilaya yako Loliondo, mbali sana upande wa kaskazini, na Mahakama Kuu iko Arusha. Jamaa akifika mahakamani bila barua ya mtendaji wa kijiji na kitambulisho, safari yote huwa bure, na ndugu yake hulala rumande. Hivyo barua ya kijiji si karatasi ndogo. Mwezi Agosti 2024 tangazo la serikali lilifuta kata na vijiji vya Tarafa ya Ngorongoro, Endulen ikiwemo. Tarehe 22 mwezi huo huo Mahakama Kuu Arusha ilisimamisha utekelezaji wake. Na tujiulize: kijiji kikifutwa, nani atamtambulisha mdhamini?

Tena wafugaji wengi wana mifugo lakini hawana hati ya ardhi. Wasikate tamaa. Sheria inasema kwamba anayeweka mali isiyohamishika bila ya kuwa na hati miliki anaweza kuleta ushahidi mwingine utakaoiridhisha mahakama kwamba mali hiyo ipo.

Hata hivyo yako makosa yasiyo na dhamana, kama mauaji, uhaini na unyang'anyi wa kutumia silaha. Mwezi Juni 2022, baada ya askari polisi kuuawa huko Loliondo, watu zaidi ya 20 walishitakiwa kwa mauaji mjini Arusha. Wakakaa rumande miezi mitano, mpaka Mkurugenzi wa Mashitaka alipoiondoa kesi mwezi Novemba, na watu 24 wakaachiwa. Hakuna mahakama iliyowatia hatiani. Nani atawarudishia miezi ile, na mifugo iliyokosa mchungaji? Mwaka 2020 Mahakama Kuu ilikiona kifungu kinachozuia dhamana kuwa kinapingana na Katiba, lakini mwezi Agosti mwaka huo huo Mahakama ya Rufani ilitengua uamuzi huo, na kizuizi kikabaki.

Mwisho tuseme juu ya mdhamini. Mafakihi wetu wanalijua jambo hili kwa jina la kafala ya nafsi: mtu kujifunga kwamba atamleta mwenzake. Huo ni mzigo wa kweli. Mshitakiwa akitoroka, mdhamini ataitwa ajieleze. Akishindwa, atalipa kiasi alichosaini, mali yake yaweza kukamatwa, na hata yeye mwenyewe kufungwa. Akimtilia shaka mtu wake, aende mapema kumwomba hakimu amwondoe katika udhamini.

Kwa hiyo, wazee wetu, kila ukoo uwe na watu wawili au watatu wenye vitambulisho tayari, na wanaojua kuisoma hati kabla ya kuitia saini. Nawe uliyedhaminiwa, kumbuka kwamba ukikimbia humkimbii hakimu. Unamkimbia aliyeuza mbuzi wake kwa nauli ili wewe ulale kwako.

Mwenyezi Mungu atujaalie kutimiza ahadi zetu. Amin.